Kwenda na tela hadi mwambao wa Tanganyika: mwongozo kamili wa kambi ya familia kutoka Tabora

Anayetaka kuipeleka familia yake kupiga kambi kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika akiwa na gari linalovuta tela anapaswa kufahamu jambo moja kabla hajanunua hata kamba ya turubai: tela litafika Kigoma, lakini halitafika hifadhini. Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyo kaskazini mwa mji wa Kigoma, haifikiki kwa gari. Watu huenda kwa boti, na wakishuka hutembea kwa miguu. Mahale, iliyo kusini, nayo ni hifadhi ya boti na miguu. Kwa hiyo safari hii ina sehemu mbili zinazopangwa kwa namna tofauti: sehemu ya nchi kavu, ambapo tela ndilo nyumba, jiko na ghala, na sehemu ya majini, ambapo kila mmoja anabeba mgongoni kile anachokihitaji kwa siku moja au mbili. Familia nyingi zinazorudi zimechoka ni zile zilizojaribu kuzifanya sehemu hizi mbili kuwa kitu kimoja.

Maelezo yanayofuata yanamlenga mtu anayeanzia Tabora akiwa na watoto. Anayeishi Kigoma anaweza kuruka habari za barabara na kuanzia kwenye kambi.

Anza na mahali tela litakaposimama

Watu wengi huanza kwa kuhesabu siku za likizo, kisha hutafuta pa kufikia wakiwa tayari njiani. Ni afadhali kuanza na kiwanja. Wiki tatu au nne kabla ya safari, wasiliana na mwenye eneo la kambi, au mwombe ndugu aliyeko Kigoma akatazame kwa macho yake. Upande wa kusini-magharibi mwa mji, ukipita kijiji cha wavuvi cha Katonga, kuna ufukwe wa Jakobsen ambako wageni hupiga mahema; mjini kwenyewe zipo nyumba za wageni zenye uwanja ambazo hukubali kulaza gari na hema kwa malipo ya makubaliano. Jina la mahali lisikushughulishe sana. Uliza yafuatayo: je, gari lenye tela linaweza kugeuka bila kulifungua? Njia ya kushuka ina mteremko kiasi gani, na ikinyesha mvua inapandika? Ardhi ni mchanga laini au udongo mgumu? Choo kiko wapi, maji ya bomba yanatoka siku zote, na usiku kuna mlinzi? Kigoma ni mji wa vilima, na mteremko ambao gari tupu huupanda bila taabu unaweza kukwamisha gari lilelile likiwa na kilo 600 nyuma yake.

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: maji ya ziwa yamefika wapi? Katika miaka ya karibuni kina cha Ziwa Tanganyika kimepanda sana, na sehemu za mwambao zilizokuwa ufukwe mpana zimemezwa pamoja na baadhi ya nyumba na miundombinu ya kando ya ziwa. Picha ya miaka kumi iliyopita inayoonyesha mchanga mpana na kivuli cha miti haikuambii chochote kuhusu hali ya leo. Ukifika, kabla hujafungua kamba hata moja, mtafute mvuvi mtu mzima wa hapo umwulize kwa adabu: «Shikamoo mzee, mawimbi ya usiku yanafika wapi hapa?» Atakuonyesha mstari wa vijiti na takataka uliotupwa na mawimbi. Tela na mahema yakae juu ya mstari huo kwa kiasi kisichopungua kimo cha mtu mzima, hata kama mtalazimika kutembea kidogo kwenda majini.

Ukiwa hapo uliza pia ni wapi dagaa huanikwa. Eneo la mchanga lililofagiliwa na kusawazishwa ni mahali pa kazi ya akina mama wa kijiji, na gari likipita juu yake limeharibu riziki ya watu.

Kuchagua wakati

Mvua za mkoa wa Kigoma huanza mwezi Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka, inayoangukia Juni na mwanzoni mwa Julai, ndiyo inayofaa zaidi: njia ni kavu, mbu wamepungua ingawa hawajaisha, na vijia vya mlimani Gombe haviteleziki. Kasoro yake ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani na kuinua mawimbi, hivyo mpango wowote wa boti uwe na siku moja ya akiba. Likizo ya Desemba ina mvua na radi, na siwashauri wenye watoto wadogo kwenda na tela katika mwezi huo.

Angalia na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wengi hupumzika. Anayetaka watoto waone mamia ya taa yametapakaa ziwani, na kununua dagaa wabichi asubuhi, achague juma la giza. Anayetaka kambi yenye mwanga wa bure achague mbalamwezi, akijua kwamba samaki watakuwa adimu na ghali zaidi.

Kukagua tela

Matela mengi ya familia kwetu ni ya kuchomelewa kwenye karakana za mtaani, na hakuna ubaya wowote katika hilo ikiwa fundi aliijua kazi yake. Lakini tela hukaa miezi mingi bila kutumika, na kinachoharibika wakati limesimama hakionekani kwa macho. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike juma moja kabla, wakati bado kuna nafasi ya kununua vipuri.

Kwanza ni beringi. Inua upande mmoja kwa jeki, shika tairi juu na chini, kisha litikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Lizungushe kwa mkono na usikilize. Mlio wa kukwaruza maana yake ni kufungua, kusafisha kwa mafuta ya taa, kupaka grisi mpya na kubadilisha sili. Beringi inayokufa katikati ya pori la Malagarasi huondoka na gurudumu zima, wakati kuipaka grisi ni kazi ya nusu saa.

Pili ni matairi. Tairi la tela huzeeka kwa jua kabla kashata zake, yaani meno yake, hazijaisha. Tazama ubavuni: ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, libadilishe hata kama kashata ni nzima. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, na uwe na tairi la akiba la tela lenyewe, kwani la gari mara nyingi halilingani. Jaribu mapema kama spana ya magurudumu ya gari inaingia kwenye nati za tela, na kama jeki inafika chini ya ekseli yake.

Tatu ni kiungio. Kichwa cha chuma kinachoshika tela na kikombe kinachokifunika lazima viwe vya ukubwa mmoja. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo hukaa vizuri uwanjani, kisha huchomoka kwenye tuta. Weka pini ya kufungia, halafu minyororo miwili ya usalama ipite kwa kupishana chini ya kiungio, ili tela likichomoka lidakwe lisiguse lami. Mwisho unganisha nyaya za taa, mtu mmoja akae kwenye usukani na mwingine nyuma, na mjaribu taa za breki, indiketa na taa za usiku moja baada ya nyingine. Taa ikiwaka hafifu au ikipepesa, mara nyingi tatizo ni waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, uliopata kutu pale unapofungwa kwenye chesisi.

Kupakia

Uzito ukikaa vibaya, tela zima na imara linaweza kuliangusha gari zuri. Zaidi kidogo ya nusu ya mzigo iwe mbele ya ekseli, na vitu vizito viwe chini kabisa. Ukimaliza kupakia, kiungio kinapaswa kulikandamiza gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela: tela lenye kilo 600 likandamize kwa kama kilo 60. Kama hakuna mzani, watu wazima wawili wajaribu kukiinua kiungio. Kikiinuka kwa mkono mmoja, mzigo uko nyuma mno, na tela hilo linaweza kuanza kuyumba mwendo utakapoongezeka.

Maji ni mzigo unaosahaulika. Lita moja ni kilo moja, hivyo pipa la lita 200 ni kilo 200 za bure kuzivuta kutoka Tabora hadi kando ya ziwa. Beba lita 40 za kunywa na dharura, na mapipa yaende matupu yajazwe Kigoma. Mtungi wa gesi usafiri umesimama, umefungwa kwa kamba pande mbili, vali ikiwa imefungwa, katika sehemu inayopitisha hewa. Vitu vya usiku wa kwanza, yaani hema, taa, vyandarua, jiko na sufuria moja, vipakiwe mwisho ili vitoke kwanza. Mtoto yeyote asipande kwenye tela, hata kwa mita mia moja za kuingia kambini.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fungashia nguo na chakula katika viroba, vikapu na ndoo zenye mifuniko. Ndoo yenye mfuniko unaobana itakuwa rafiki yenu mtakapokutana na nyani.

Karatasi, vitambulisho na malipo

Tela lina usajili na namba yake yenyewe, tofauti na ya gari, na bima yake ithibitishwe kwa maandishi kabla ya kuondoka. Hakikisha pia kwamba daraja la leseni yako linakuruhusu kuvuta tela la uzito huo; swali hilo ni rahisi kuuliza kituoni Tabora kuliko kulijibu barabarani. Beba pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto.

Kigoma ni mkoa wa mpakani, na ukaguzi wa uhamiaji barabarani ni jambo la kawaida. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa mkononi, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto ziwe kwenye bahasha moja iliyo karibu na dereva. Kitambulisho hicho kina faida nyingine: viingilio vya hifadhi za taifa kwa raia hulipwa kwa shilingi na ni vidogo sana kulinganisha na vya wageni kutoka nje, lakini lazima uthibitishe uraia. Hifadhi hazipokei fedha taslimu getini. Malipo hufanyika kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, na ni busara kuyakamilisha ukiwa mjini Kigoma, ambako mtandao ni wa uhakika.

Katika bajeti, usikadirie mafuta kwa matumizi ya gari tupu. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linaweza kushuka hadi 7 au 8 likivuta tela. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 800, na ukiongeza 100 za mizunguko ya Kigoma na Ujiji unapata 900. Ukigawa kwa 7.5 unahitaji lita 120. Fedha za boti ziwekwe kando tangu mwanzo, kwa sababu kukodi boti ya familia peke yenu ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari hii.

Barabarani

Barabara hutoka Tabora kupitia Urambo na Kaliua, huvuka mto Malagarasi, hupita Uvinza na kuingia Kigoma, umbali wa takriban kilomita 400. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa na mapumziko ya kutosha, hesabu saa tisa. Mwezi Juni jua la magharibi ya nchi huchelewa kuchomoza, hivyo saa 12 asubuhi Tabora bado ni giza. Ondokeni saa 12 na nusu kunapopambazuka, nanyi mtafika saa 9 na nusu alasiri mkiwa na saa tatu na zaidi za mwanga wa kufunga kambi, kwa kuwa Kigoma jua huzama karibu saa 1. Msisafiri usiku na tela. Ukichelewa, lala Kaliua au Uvinza. Siku moja kabla ya kuondoka, waulize madereva wa mabasi stendi hali ya kipande cha kati ya Kaliua na Uvinza, kwa sababu wao wamepita jana yake.

Simameni mara ya kwanza Ndono, baada ya kama kilomita 40. Kaza nati zote za magurudumu ya tela, maana zile zilizofunguliwa karibuni hulegea katika mwendo wa mwanzo. Kisha weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa vuguvugu, hakuna neno. Kikikufanya uondoe mkono kwa haraka, beringi imebanwa kupita kiasi au haina grisi, na ni heri kurudi Tabora kuliko kuendelea. Rudia kugusa hivyo kila mnaposimama. Mpe mtoto mkubwa jukumu la kukukumbusha.

Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi za kupimia mwendo wapo. Nje ya vijiji usizidi 80. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usipambane na usukani: shika usukani sawasawa, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, na liache gari lipungue lenyewe. Kwenye matuta punguza mapema zaidi ya kawaida, kwa sababu unapomaliza kuvuka, tela ndiyo kwanza linapanda.

Msipite Urambo bila kuwaambia watoto habari za Mtemi Mirambo, aliyetawala sehemu hii hadi kifo chake mwaka 1884. Uvinza nako kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemshia chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na hapo ndipo pa kununulia chumvi ya kambini. Katika mapori ya miombo fungeni vioo, kwani mbung'o wapo, huuma juu ya nguo na wanaweza kueneza malale. Huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu iliyokoza, hivyo vaeni za kaki au rangi ya udongo.

Kufunga kambi

Kurudisha tela nyuma ndiko kunakowatia jasho wengi. Weka mkono mmoja kwenye sehemu ya chini kabisa ya usukani. Ukitaka tela liende kushoto, peleka mkono huo kushoto. Kulia, vivyo hivyo. Nenda polepole na ugeuze kidogo kidogo, na tela likijikunja kuelekea gari usijaribu kulirekebisha ukiwa unarudi nyuma: songa mbele, linyooshe, anza tena. Mtu wa kukuongoza asimame mahali unapomwona kwenye kioo, na watoto wote wawe mahali pamoja wakishikwa na mtu mzima. Ni vyema ukajifunza uwanjani Tabora kabla ya safari.

Tela likishakaa, weka kabari za mbao au mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kulifungua kwenye gari, kisha lisawazishe. Gari libaki limeelekea njia ya kutokea. Milango ya mahema isitazame upande upepo unakotoka, na kwenye mchanga vigingi vya kawaida havishiki: fukia kiroba kilichojazwa mchanga na ukifungie kamba. Msifunge kambi karibu na mdomo wa mto wowote, kwa kuwa huko ndiko mamba na viboko walipo. Sehemu za Ilagala, ambako Malagarasi huingia ziwani, si za kuleta watoto. Moto uwe mbali na mahema, upande ambao upepo unatokea kambini kwenda motoni. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani wala ndani ya tela kwa sababu yoyote, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, kwani hewa yake huua watu usingizini.

Watoto na maji ya ziwa

Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, na katika sehemu nyingi za Kigoma sakafu yake huporomoka hatua chache tu kutoka ufukweni. Mtoto anayesimama kwenye maji ya kiunoni anaweza kupiga hatua mbili akakosa pa kukanyaga. Chora mpaka kwa mawe au kamba yenye maboya, na mtu mzima mmoja awe na zamu ya kutazama maji bila simu mkononi. Kauli ya «sote tunawaangalia» humaanisha kwamba hakuna anayewaangalia.

Hatari ya pili ni kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, karibu na vijiji na mahali watu wanapofulia. Chagueni sehemu yenye mawe na mawimbi, mbali na matete na diko, muogelee asubuhi kuliko mchana, na mjikaushe kwa taulo mara tu mnapotoka, kwani vijidudu huingia kupitia ngozi kwa dakika chache. Maji ya ziwa ya kuogea kambini yakikaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vijidudu hivyo huwa vimekufa. Wiki sita hadi nane baada ya kurudi, watoto wapimwe. Tiba yake ni rahisi na ipo. Kwenye miamba wapo pia nyoka wa majini wenye sumu, ambao hawamfuati mtu lakini hawapendi kuchokozwa: watoto wasiingize mikono kwenye mianya ya mawe.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe vidonge vya klorini, hata yakiwa maangavu kiasi cha kuona mawe chini. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa, hata baada ya kurudi nyumbani, akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Katika kisanduku cha dawa ORS iwe nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya Gombe

Hapa ndipo mnapoliacha tela chini ya uangalizi wa mlinzi na kubeba mabegi madogo. Kama mnalala hifadhini, chukueni hema jepesi moja au mawili au pangeni katika nyumba za wageni za hifadhi, mkiwa mmefanya mawasiliano mapema.

Boti za kwenda kaskazini huondokea Kibirizi, pembezoni mwa mji. Boti za abiria ni nafuu lakini husimama kila kijiji na huchukua saa nyingi. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka kumi, ushauri wangu ni kukodi. Kabla ya kulipa, iangalie boti ikiwa majini: je, ina jaketi za kuokolea za kila mtu, zikiwamo za ukubwa wa watoto? Wavalisheni pale pale ufukweni na mfunge mikanda. Jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto pindi anapoanguka majini, hivyo kama za watoto hazipo, nunueni zenu au msipande. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na muondoke asubuhi, kwa sababu mara nyingi ziwa hutulia asubuhi kuliko alasiri. Nahodha akisema leo hapana, jibu ni ahsante, na siku ile ya akiba itumike kwenda Ujiji, kwenye mnara wa kumbukumbu ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, mahali ambapo watoto wanaweza pia kuelezwa kuhusu misafara ya pembe na watumwa iliyoanzia hapo kuelekea pwani kupitia Tabora yao wenyewe.

Gombe imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Mtafiti Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, na akagundua kwamba sokwe hutengeneza na kutumia zana: huchukua bua, hulisafisha majani, hulichomeka kwenye kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa. Wasimulieni watoto haya usiku uliotangulia, maana mtoto anayejua anachokwenda kukitafuta huvumilia mlima.

Kufuatilia sokwe kuna umri wa chini unaoruhusiwa. Watajieni hifadhi umri wa kila mtoto kabla ya kulipa. Watoto wasioruhusiwa wabaki Kasakela, kituo cha hifadhi kilicho ufukweni, na mzazi mmoja, na wazazi wabadilishane siku ya pili. Masharti mengine yana sababu moja: sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa, na mafua ya kawaida yanaweza kuwaua. Mwenye mafua au kikohozi haendi, hata kama amelipa. Kaeni umbali wa mita 10, vaeni barakoa mnapoagizwa, msile mbele yao, na msiache hata ganda la ndizi. Ninasisitiza hili kwa moyo wote, kwa kuwa sokwe waliobaki Gombe ni wachache na msitu unaowazunguka umezibwa na mashamba na vijiji.

Nyani wa ufukweni, tofauti na sokwe, hawana haya. Hufungua zipu, huchana hema, na humnyang'anya mtoto mkate mkononi. Chakula chote kikae ndani ya nyumba au kwenye ndoo iliyofungwa kwa kamba, na mtoto asile akitembea. Nyani akishachukua kitu, mwache nacho.

Mahale, yenye kilomita za mraba 1,613 na mlima Nkungwe, ni nzuri kupita maelezo, lakini ni mbali kwa boti. Iwekeni kwa safari nyingine, watoto watakapokuwa wakubwa.

Chakula

Msibebe nyama kutoka Tabora. Bebeni unga, mchele, maharage, mafuta, asali ya Tabora kwa ajili ya chai na vidonda vya koo, na viungo. Kitoweo kitatoka ziwani. Migebuka wa kukaanga kwa ugali ni chakula cha watoto wote, ila wachambulieni miba wadogo. Dagaa wabichi wa asubuhi wapikwe siku hiyo hiyo kwa nyanya na ndimu. Dagaa wakavu wa kupeleka nyumbani nunueni siku ya mwisho: chagueni waliokauka hadi wakavunjika, wenye rangi ya fedha, wasio na mchanga, na mnuse harufu yao kabla ya kulipa.

Kufungasha na kurudi

Siku moja kabla ya kuondoka, anikeni mahema yakauke kabisa, kwa sababu turubai lililokunjwa na unyevu huota ukungu kabla ya kufika Kaliua. Takataka zote zirudi mjini. Vyoo vya kuchimba vifukiwe, na majivu yamwagiwe maji mpaka mkono uweze kuyashika. Mapipa yamwagwe, mzigo upimwe upya, kwani dagaa, chumvi na vitu vya njiani hupenda kurundikwa nyuma kabisa, na nati zikazwe kama siku ya kwanza.

Mkifika Tabora, osheni tela chini kwa maji mengi kuondoa mchanga kwenye spring na ekseli. Fungueni vitovu vya magurudumu ndani ya juma hilo, hasa kama tela liliingia majini wakati wa kurudi nyuma, kwa sababu maji yakiingia kwenye grisi huigeuza kuwa nyeupe na beringi huanza kula kutu mara moja. Paka grisi mpya, liegeshe kivulini likiwa juu ya mawe ili matairi yasibebe uzito, na uandike tarehe ya grisi kwa rangi ndani ya mlango wake.